Nani alimtengeneza kauboi? Uzi kuhusu picha za hali halisi, uanaume na ngano ya Magharibi ya Marekani

Mtazamapicha (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam.

Katika mjadala wetu wa karibuni kuhusu picha za hali halisi ilipita hoja moja bila kupingwa na mtu, kwamba kazi ya mpigapicha wa aina hiyo ni kuvunja ngano, yaani hadithi za kale zinazoaminiwa kuwa kweli, kwa kutuonyesha watu jinsi walivyo. Naomba kuipinga kwa mfano wa kauboi wa Marekani, mwanamume ambaye sura yake imewafikia hata watu ambao hawajawahi kumwona farasi akipandwa. Ninachoshikilia ni kwamba wapigapicha wa hali halisi hawakuikuta ngano ya kauboi imekwisha kujengwa ndipo wakaanza kuibomoa. Wao wenyewe walileta matofali, na baadhi yao walifanya hivyo wakiamini kwa moyo safi kwamba wanasema kweli.

Kazi yenyewe ilidumu muda mfupi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipomalizika mwaka 1865, Texas ilikuwa na ng'ombe wengi wasio na soko, ilhali miji ya kaskazini na mashariki ilitaka nyama. Mwaka 1867 mfanyabiashara Joseph McCoy alijenga mazizi na kituo cha kupakia ng'ombe kwenye treni huko Abilene, Kansas, na vijana wakaajiriwa kuswaga makundi makubwa ya ng'ombe kwa wiki na miezi kwa ujira wa dola 25 hadi 40 kwa mwezi. Mwaka 1874 Joseph Glidden alipata hataza ya seng'enge, reli ikazidi kusogea karibu na malisho, na majira ya baridi kali ya 1886 na 1887 yakaua ng'ombe wengi mno katika nyanda za kaskazini. Enzi ya malisho ya wazi ikawa imekwisha. Tunazungumzia, basi, takriban miaka 20 ya kibarua cha msimu kilichofanywa na vijana ambao wengi wao walikuwa maskini, wakiwemo Wamexico, ambao ujuzi wao wa kamba ya kitanzi na tandiko ndio walioufuata wengine wote, na watu weusi waliokuwa wametoka utumwani juzi tu. Kibarua huyo aliyelala chini na kula vumbi la mifugo ndiye aliyekuja kufanywa kipimo cha uanaume wa taifa zima.

Kamera iliingia mapema katika shughuli hiyo. Mwaka 1885 Theodore Roosevelt, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, mwana wa familia tajiri ya New York aliyekuwa ameweka fedha zake katika ng'ombe wa Dakota, alipigwa picha akiwa amevaa mavazi ya ngozi ya kulungu, bunduki mkononi na kisu kiunoni, katika mkao wa mtu aliye porini. Picha hiyo ilipigwa studio, jijini New York. Ni rahisi kumcheka, lakini tukumbuke kwamba alipoingia siasa akiwa kijana, wapinzani na magazeti walimkejeli kuwa ni mlimbwende asiye na nguvu za kiume. Alihitaji mwili mwingine, na kwa wakati ule mwili huo ulipatikana kwa kuvaa nguo za mtu wa kibarua. Wanaume wengi wenye madaraka wamelirudia jambo hilo tangu hapo, na sidhani kama kuna haja ya kuwaorodhesha.

Mtu atasema kwamba picha ya studio si picha ya hali halisi. Basi twende kwenye gazeti la LIFE la tarehe 22 Agosti 1949. Mpigapicha Leonard McCombe, mzaliwa wa kisiwa cha Man, alikuwa ametumwa Texas kufuatilia maisha ya Clarence Hailey Long, nyapara wa miaka 39 katika ranchi ya JA. Kwa kila kigezo tunachokitumia hapa jukwaani, hizo ni picha za hali halisi: hakuna mwigizaji, kuna vumbi na ndama na kazi inayoendelea, na uso wa Long uliochomwa na jua ukawekwa kwenye jalada. Miongoni mwa picha hizo imo ile maarufu ya Long akiwa na sigara mdomoni.

Miaka michache baadaye Leo Burnett, mwenye wakala wa matangazo huko Chicago, alipewa kazi ya kuiuza upya sigara ya Marlboro. Sigara hiyo ilikuwa sokoni tangu 1924 ikitangazwa kwa wanawake, na sasa ilikuwa imewekewa kichujio wakati habari za saratani ya mapafu zikianza kuwatia wavutaji hofu. Tatizo lilikuwa kwamba wanaume wengi waliona sigara yenye kichujio kuwa ya kike. Burnett akazikumbuka picha za LIFE. Kuanzia 1955 kauboi alionekana kwenye matangazo, mwanzoni akiwa pamoja na wanaume wa kazi nyingine za suluba, kisha katika miaka ya 1960 akabaki karibu peke yake. Mwaka 1971 matangazo ya sigara yalipopigwa marufuku katika redio na televisheni za Marekani, picha mnato za magazetini na za mabango ya barabarani zikabeba mzigo wote. Waliozipiga walikuwa mafundi hodari, na baadhi ya waliopigwa walikuwa wafanyakazi halisi wa ranchi, kama Darrell Winfield wa Wyoming. Hapa ndipo ninapowaomba wanaodai tuonyeshwe "kauboi wa kweli" wasimame kidogo. Kauboi wa kweli alikuwa ndani ya tangazo, na ukweli wake ndio uliouza sigara.

Habari haikuishia hapo. Msanii Richard Prince alikuwa mwajiriwa katika kampuni ya Time, wachapishaji wale wale wa LIFE, akikata makala za magazeti kwa ajili ya matumizi ya waandishi, na mezani pake yakawa yanabaki matangazo. Kuanzia 1980 akaanza kuyapiga picha matangazo ya Marlboro, akiyaacha nje maneno na nembo, mpaka akabaki mwanamume juu ya farasi asiyeuza kitu chochote kinachoonekana. Mwaka 2005 moja ya picha hizo iliuzwa katika mnada wa Christie's kwa zaidi ya dola milioni 1.2. Wapo wanaoiita kazi hiyo uchambuzi mkali wa uanaume. Mimi naiona ni werevu uliotufundisha mengi kuhusu magazeti na machache kuhusu wanaume, ila najua wapo humu watakaonipinga.

Anayenivutia zaidi ni Robert Frank. Mwaka 1954, rodeo, yaani mashindano ya ustadi wa makauboi, ilipokuwa New York, alimpiga picha kauboi aliyeegemea pipa la taka kando ya barabara, ameinamisha kichwa akishughulika na sigara yake. Mtu ana kila kitu kinachotakiwa: kofia ya pama, buti, mkanda wenye bizimu kubwa, kiuno chembamba. Frank hakumdhihaki wala hakumfichua. Alimpata tu mahali ambapo vitu hivyo havikuwa na kazi ya kufanya, na ghafla tunamwona mtu aliyevaa, anayejua kwamba amevaa.

Tangu hapo, kwa maoni yangu, kazi zilizofanikiwa kuuchunguza uanaume wa kauboi ni zile zilizombadilishia mahali pa kusimama. Jane Hilton wa Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 2010, aliwafuata makauboi wa kusini-magharibi ndani ya nyumba zao, mpaka vyumbani, katikati ya vitanda, mapazia na mapambo. Sam Contis alikwenda Deep Springs, chuo kidogo katika bonde la jangwa la California karibu na mpaka wa Nevada, kilichoanzishwa mwaka 1917 na L. L. Nunn, ambako wanafunzi wasiofikia 30 husoma falsafa na fasihi huku wakikamua, wakichinja, wakivuna majani ya mifugo na kuchunga ng'ombe. Kwa miaka 100 chuo hicho kilipokea wanaume peke yao, na wanawake walianza kuingia mwaka 2018. Kitabu cha Contis kilitoka 2017, mwaka mmoja kabla ya mabadiliko hayo, na ndani yake amechanganya picha zake na picha zilizopigwa na wanafunzi wa mwanzo kabisa. Mara nyingi msomaji hana hakika kijana anayemtazama ni wa enzi gani. Kuna ngozi zilizochubuka, mikono yenye damu ya mnyama, vijana waliolala ovyo kama watoto, na kuna gauni la kitambaa cha jinzi. Ugumu na ulaini vinakaa katika mwili mmoja bila mpigapicha kutuambia kipi ni cha kweli.

Ningependa kusikia kutoka kwenu kama kuna picha ya hali halisi iliyowahi kuivunja ngano hii bila kuanza kwa kuihamisha.

Nyika

Ndugu Mtazamapicha, uzi wako umeandikwa kwa uangalifu, lakini umeegemea upande wa watu ambao tayari wamo katika ngano. Anayeweza kuchoshwa na kofia ya pama ni yule aliyeruhusiwa kuivaa.

Umewataja weusi na Wamexico kwa sentensi moja kisha ukaenda zako New York. Makadirio yanayotajwa mara nyingi na wanahistoria ni kwamba karibu kauboi mmoja kati ya wanne wa enzi ya kuswaga ng'ombe alikuwa mtu mweusi. Idadi hiyo ina ubishi wake, lakini chanzo chake hakina ubishi, kwa sababu mwaka 1860 takriban asilimia 30 ya watu wa Texas walikuwa watumwa, na wengi wa waliochunga mifugo ya mabwana zao waliendelea na kazi hiyo hiyo baada ya kuwa huru. Bill Pickett, aliyezaliwa Texas mwaka 1870, ndiye anayesifiwa kwa kuanzisha mchezo wa kumrukia fahali kutoka juu ya farasi na kumwangusha kwa kumsokota pembe, mchezo ambao hadi leo ni sehemu ya kila rodeo kubwa. Nat Love, aliyezaliwa utumwani Tennessee, alichapisha kisa cha maisha yake mwaka 1907 kikiwa na ile picha yake anayosimama na kamba, tandiko na bunduki, nywele ndefu, kidevu juu. Picha hiyo ni ya majigambo matupu, na mimi naiunga mkono kwa asilimia mia.

Umemsahau pia Erwin E. Smith, mwana wa Texas aliyesomea sanaa Chicago na Boston, kisha kati ya 1905 na 1912 akawa anarudi kila mara kwenye ranchi na kamera yake. Alipoanza, seng'enge ilikuwa imeshaigawa nyika, kwa hiyo alikuwa akipiga picha za maisha aliyojua yanatoweka, na kuna huzuni ya kupendezesha mambo katika kazi yake. Hata hivyo ni Smith huyo huyo aliyewapiga picha makauboi weusi wakiwa na farasi wao kwenye maonyesho ya kilimo huko Bonham, Texas. Bila mapenzi yake ya ngano, ushahidi huo tusingekuwa nao.

Ukija katika miaka yetu, Martha Camarillo na baadaye Mohamed Bourouissa walikwenda Fletcher Street, mtaa wa Philadelphia ambako wanaume weusi wamefuga na kupanda farasi kati ya nyumba za mjini kwa vizazi. Rory Doyle amewafuata wapanda farasi weusi wa delta ya Mississippi tangu alipowaona katika gwaride la Krismasi mjini Cleveland, katika jimbo hilo. Mwaka 2016 Studio Museum ya Harlem iliandaa maonyesho mazima kuhusu kauboi mweusi. Katika kazi nyingi za aina hii mwanamume anaonekana amekaa vizuri juu ya farasi, mgongo umenyooka, jua limemwangukia usoni. Ni mkao ule ule wa tangazo la sigara. Kwa kipimo chako kazi hizo zimeshindwa, kwa sababu hazikumhamisha mtu. Mimi nasema zimemrudisha mahali alipoondolewa, na hilo ni tendo zito kuliko kumwingiza mtu chumbani kwake.

Pembeni

Naomba kuuliza tu. Ni kweli kwamba wanaume wa matangazo yale waliuawa na sigara?

Mtazamapicha

Ndugu Pembeni, baadhi yao ndiyo. Wayne McLaren alifariki mwaka 1992 na David McLean mwaka 1995, wote kwa saratani ya mapafu. Kisa cha McLaren kinaihusu mada moja kwa moja, kwa sababu miezi yake ya mwisho aliitumia kupiga vita uvutaji, na katika tangazo moja la kampeni hiyo waliweka sambamba picha yake ya ujanani akiwa na kofia ya kauboi na picha yake akiwa kitanda cha hospitali. Kampuni ya sigara ilibishana kwanza kuhusu kama aliwahi kuwa mwanamume wa Marlboro. Kwa hiyo hata mtu alipokuwa akifa palikuwa na mabishano kuhusu iwapo alikuwa kauboi halali.

Ndugu Nyika nitakujibu baadaye kidogo, kwa sababu hoja yako inastahili zaidi ya majibu ya haraka.

Fundi Taa

Mimi ni mtu wa studio, napiga picha za harusi na za vitambulisho, kwa hiyo mtanisamehe nikianzia kwenye taa na karatasi. Nashangaa kwamba mpaka sasa hakuna aliyemtaja Richard Avedon, ilhali yeye ndiye jibu la swali la mwisho la mwanzisha uzi.

Avedon alikuwa bingwa wa picha za mitindo wa New York. Jumba la makumbusho la Amon Carter la Fort Worth, Texas, ambalo sasa ndilo linalohifadhi kazi za Smith aliyetajwa hapo juu, lilimwagiza awapige picha watu wa Magharibi. Alifanya kazi hiyo kati ya 1979 na 1984, akapiga picha watu 752 kwa kutumia karatasi za filamu zipatazo 17,000, na maonyesho yakafunguliwa mwaka 1985. Kamera yake ilikuwa ile kubwa ya filamu ya inchi 8 kwa 10. Alitundika karatasi nyeupe ukutani, nje, upande wenye kivuli, ili jua lisimpige mtu moja kwa moja. Yeye hakujificha nyuma ya kamera. Alisimama kando ya lenzi, uso kwa uso na mtu, huku wasaidizi wakibadilisha filamu.

Sasa wataalamu wenzangu wafikirie maana ya uamuzi huo. Magharibi yote katika picha za makauboi ni mandhari: mlima, machweo, mawingu, upeo wa macho. Mandhari ndiyo inayomwambia mtazamaji kwamba huyu ni mwanamume huru. Avedon aliiondoa yote kwa karatasi ya dukani. Wachimba makaa ya mawe, wafanyakazi wa visima vya mafuta, wazururaji, wachinjaji wenye damu kwenye aproni, na mvulana wa miaka 13 aliyeshika nyoka aliyepasuliwa, wote wamesimama mbele ya weupe mtupu, na mikono yao haijui ikae wapi. Jambo dogo ambalo wasiopiga picha hawalioni ni kwamba karatasi nyeupe kwenye kivuli haimpi mtu kivuli cha kujifichia. Kila kunjo la shati, kila kovu na kila doa la grisi linasomeka kama maandishi. Mwanamume mgumu akisimama hapo anabaki na ugumu wa ngozi peke yake.

Watu wengi wa Magharibi walikasirika wakasema kwamba mgeni kutoka mjini amewachagulia walemavu wa maisha na kuwaacha watu wa heshima. Avedon mwenyewe hakudai kwamba hiyo ni Magharibi halisi. Alisema wazi kuwa ni ya kubuni. Lakini mimi nina swali la maadili ambalo sijalipatia jibu. Laura Wilson, aliyefanya naye kazi miaka yote hiyo, ameandika jinsi walivyotafuta sura katika magwaride, migodi na vituo vya malori. Mtu anaposimamishwa barabarani kwa sababu uso wake unafaa kuwa picha kubwa kuliko mwili wake, je, amehamishwa kutoka ngano moja au ameingizwa katika nyingine, ile ya mwanamume aliyeshindwa?

Mwana wa Katanga

Naandika kutoka Lubumbashi, na naomba niongeze kipande kimoja ambacho kiko kwetu, ingawa kilitokea zaidi Kinshasa kuliko huku tunakosema Kiswahili.

Katika miaka ya 1950, Kinshasa ilipokuwa bado inaitwa Léopoldville, vijana wa mitaa ya Waafrika walizitazama sana filamu za kauboi wa Marekani, wakajiita Bills kwa kumfuata Buffalo Bill, Mmarekani maarufu wa maonyesho ya kauboi. Walivaa jinzi, mashati ya miraba na vitambaa shingoni, wakajipa majina ya kwenye filamu, wakagawana mitaa kama maeneo ya ranchi na kuunda lugha yao ya kificho juu ya Kilingala. Utawala wa Kibelgiji uliwaita watu wazima wetu "wavulana" na kuwaamuru kama watoto. Kijana aliyejiita Bill alikuwa akidai, kwa nguo za mzungu mwingine, kwamba yeye ni mwanamume. Upande wa giza haufai kufichwa, kwa sababu uanaume huo uliwaangukia vibaya sana wasichana wa mitaa ile, na waliozeeka kutoka enzi hizo wameyasimulia hayo kwa watafiti.

Nasema hivi kwa sababu ndugu Nyika anazungumza kana kwamba kumrudisha mtu ndani ya ngano ni ushindi peke yake. Kule Botswana mpigapicha Frank Marshall wa Afrika Kusini amewapiga picha mashabiki wa muziki wa rock mzito wanaovaa ngozi, minyororo na kofia za pama katikati ya vichaka, na ni picha nzuri sana, zenye heshima. Lakini zinatueleza jinsi mtu anavyotaka kuonekana. Namna anavyoishi na mke wake na watoto wake haimo, na pengine haiwezi kuwemo katika picha ya mtu aliyejiandaa kwa kamera.

Ndugu mmoja aliniandikia kwa faragha akitaka tuwajadili pia morani wa Kimaasai katika kadi za posta. Ni mada nzuri na inahitaji uzi wake.

Bi. Kivuli

Kaka zangu, mmejadili uanaume kwa urefu wote huu, na wanawake wametajwa kama wapigapicha bila mtu kusema kwamba ni wanawake, isipokuwa wale wasichana wa Kinshasa ambao Mwana wa Katanga, kwa haki, amewakumbuka.

Contis ni mwanamke aliyeingia katika chuo cha wanaume. Hilton ni mwanamke aliyeingia chumbani. Camarillo naye ni mwanamke. Yupo pia Kristine Potter, aliyekulia katika familia ya wanajeshi, ambaye kabla ya kwenda Magharibi aliwapiga picha makadeti wa West Point, chuo cha jeshi la Marekani. Kitabu chake kuhusu wanaume wa upande wa magharibi wa Colorado kilitoka 2018. Mwanga wake ni mkali kiasi cha kuumiza macho, milima haina ukuu wowote, inaonekana kama kifusi, na wanaume anaokutana nao huko wanamtazama kwa namna ambayo mtu hajui kama ni vitisho au ni aibu. Hakuna aliyetulia. Kwa karne nzima katika picha za nchi hiyo mwanamume ndiye alitazama upeo wa macho, na mwanamke alitazamwa. Potter amesimama mbele ya mwanamume na kumtazama muda mrefu kupita adabu, na ule uzoefu wa kutazamwa unaonekana usoni mwa mwanamume huyo. Hiyo ndiyo sababu, ndugu Mtazamapicha, ya kazi ulizozisifu kufanya vizuri. Umesema ni mahali. Mimi nasema ni nani yuko upande wa pili wa kamera, na kwamba mtazamwa anajua.

Na kama tunataka kujua ranchi ilivyokuwa, tumwangalie Evelyn Cameron, Mwingereza aliyehamia mashariki mwa Montana na mumewe, akaanza kupiga picha mwaka 1894 kwa kamera nzito ya sahani za kioo. Mumewe alipenda ndege kuliko kazi za ranchi. Evelyn ndiye aliyekamua, kupika, kulima bustani, kufundisha farasi na kuuza picha ili nyumba ipate fedha, na ameyaandika yote katika shajara zake siku baada ya siku mpaka karibu na kifo chake mwaka 1928. Katika picha zake wamo wanawake wanaopiga ng'ombe chapa, wakiwa na kamba na vumbi kama yule nyapara wa LIFE. Barbara Van Cleve, aliyezaliwa katika ranchi ya Montana, aliendeleza jambo hilo hilo kwa kitabu chake cha 1995 kuhusu wanawake wa ranchi. Ukiziweka picha hizi mezani pamoja na zile za matangazo, huhitaji kumhamisha kauboi popote. Kazi ambayo ilisemekana ndiyo inayomfanya mwanamume awe mwanamume ilikuwa ikifanywa na jirani yake mwenye sketi, na kamera ilikuwepo.

Mtazamapicha

Nashukuru kwa michango yote. Nianze na Fundi Taa, kwa kuwa swali lake ndilo gumu zaidi. Naona Avedon aliondoa mandhari lakini akabaki na ukubwa. Picha zake zilipotundikwa zilikuwa kubwa kuliko watu wenyewe, na mtu aliyepigwa kwa ukubwa huo mbele ya weupe anakuwa shujaa wa aina nyingine hata akiwa mchafu na mchovu. Ngano ya mwanamume anayevumilia bila kulalamika haikuguswa. Pengine hata ilipata nguvu, maana uvumilivu ndio kitu pekee kilichobaki ndani ya fremu.

Bi. Kivuli, hoja yako kuhusu anayetazama naichukua pamoja na ile ya mahali, ila sikubali ichukue nafasi yake yote. McCombe alikuwa mwanamume, Frank alikuwa mwanamume, na waliona vitu viwili tofauti kabisa. Kuhusu Evelyn Cameron, picha zake zilikaa zaidi ya nusu karne baada ya kifo chake bila kujulikana nje ya eneo lake, wakati ule uso wa jalada la LIFE ulizaa mabango ya barabarani katika nchi nyingi. Ushahidi ulikuwepo, na haukuizuia ngano hata kidogo. Hilo linanifanya niamini kwamba kuonyesha ukweli hakutoshi, ambalo ndilo nililoanza nalo.

Kwa ndugu Nyika nataka kumleta mtu mmoja ambaye simwoni akikaa vizuri katika upande wako wala wangu. Blake Little alipiga picha za rodeo za wapenzi wa jinsia moja kati ya 1988 na 1992. Rodeo ya kwanza ya aina hiyo ilifanyika Reno, Nevada, mwaka 1976, na chama chao cha kimataifa kikaundwa mwaka 1985, katika miaka ambayo UKIMWI ulikuwa ukiwaua wengi wao. Little hakuwa mgeni pale, kwani yeye mwenyewe alishindana kupanda mafahali. Picha zake ni za rangi nyeusi na nyeupe, na ukizitazama bila maelezo ni picha za rodeo tu: vumbi, kamba, mgongo wa mtu anayesubiri zamu, mkono uliofungwa bandeji. Wanaume hao wanaivaa ngano yote, kofia mpaka buti, nao ni watu ambao ngano hiyo iliwakana waziwazi. Hawakuhamishwa, kwa hiyo kipimo changu kinatikisika. Lakini pia hawakurudishwa mahali walipoondolewa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kukiri kwamba walikuwepo.

Ninachokiona katika picha hizo, na sikioni katika zile za wapanda farasi wa Mississippi ulizozisifu, ni maumivu ya kazi: mtu aliyetupwa na fahali akiwa bado chini, na wenzake wakimsogelea. Katika karibu picha zote za kauboi tulizozitaja humu mwanamume yuko peke yake. Ukiwa na muda, ndugu Nyika, hebu zipitie tena zile za Fletcher Street ukiwa na jicho hilo, kisha utueleze ni ngapi ambazo ndani yake mwanamume mmoja anamgusa mwingine, na kwa namna gani.